Kilo Ishirini na Tatu

Mizani ya Shaibu ni ya vyuma chakavu.
Ina ndoano, ina kutu, haina upendeleo.
Alilitundika sanduku langu kati ya rejeta na mabati,
akafumba jicho moja, akasoma:
"Ishirini na saba na nusu, mama.
Umebeba kanisa zima?"

Tiketi inasema ishirini na tatu.
Sikubishana. Nikalikokota mpaka nyumbani, Bonyokwa,
gurudumu moja likilia njia nzima
kama mtoto aliyeachishwa ziwa,
nikalifungua sebuleni, nikakaa chini kulitazama.

Babu, waliokubatiza walikuja na masanduku kumi na saba.
Ulinihesabia mwenyewe, ukikunja vidole:
la vitabu, la dawa, la vikombe vya chai,
na kinanda kilichopandishwa na wanaume sita hadi Usangi,
kikafika kimepotewa na sauti.
Hakuna aliyewapimia.
Mabega yalikuwa yenu.

Mimi naenda kwao siku kumi na nne.

Haya. Dagaa wa kijana wa Mzee Mshana, anayesoma huko:
"Kamzigo kadogo tu," alisema,
akakaweka mezani kwa mikono miwili.
Vitenge vya kwaya, doti sita.
Unga wa ulezi, maana matumbo yetu tunayajua wenyewe.
Kahawa ya shambani. Viatu vya ibada. Viatu vya matope.
Kadi ya homa ya manjano, nayo ya manjano.

Na koti.
Nililipata Karume, Jumamosi, belo likiwa ndiyo kwanza linafunguliwa.
"Hili, mama, baridi yenyewe italikimbia."
Mfukoni mna kitiketi cha basi, wino umefifia, Kijerumani.
Nilimpelekea Mchungaji Mbwambo, akavaa miwani:
si mji tunaokwenda. Labda wa jirani.
Labda wa mbali. Hakuwa na hakika.
Nimekirudisha palepale nilipokikuta.

Vifungo vitatu havikuwepo.
Mama Shufaa amenishonea, kavitoa kwenye gauni lake la Idi,
havilingani na vile vingine hata kidogo.
"Theluji ukiiona," akasema, uzi ukiwa bado menoni,
"usinipigie picha. Picha nimeziona.
Njoo unieleze."

Kila mmoja ushuhuda, dakika tano; hayo ni maagizo.
Barua yao inasema Jumapili huwa watu kumi na mmoja,
na mpiga kinanda ana miaka themanini na miwili.
Nimeandika mara tatu.
Ya kwanza ilikuwa shukrani, dakika zikaishia humo.
Ya pili nilianza na ugonjwa wa Eliapenda,
nikafika wodini, usiku ule, nikaweka kalamu,
nikaenda kuosha masufuria yaliyokuwa safi.
Ya tatu ina maneno mawili: Bwana asifiwe.
Chini yake nimepiga mstari kwa rula.

Usiku nimetoa viatu vya matope.
Nimetoa ulezi; tumbo litajiju.
Kahawa nimeigawa nusu, nikairudisha, nikaigawa tena.
Koti nitalivaa.
Februari hii, joto hili, toka Bonyokwa mpaka uwanja wa ndege,
sufi mwilini, dagaa mfuko wa kulia,
na yeyote atakayenusa
anisamehe kwa jina la Yesu.

Asubuhi nimerudi kwa Shaibu.
Ndoano imelia, sanduku limezunguka kidogo, likatulia.
"Ishirini na mbili na robo tatu."
Hela kaikataa.
"Umebakiwa na robo, mama. Weka kitu."

Nimesimama hapa kati ya mabati,
zipu wazi,
watu wa chupa tupu wanasubiri zamu yao,
sijui niweke nini.